Delfiniamu: Ua la Milimani Lisiloingia Horini

Safari hii tutazungumza habari za ua. Najua wako watakaosema, "Ua haliliwi. Kwa nini tusizungumze habari za mahindi?" Mahindi tumeyazungumzia mara nyingi, na tutayazungumzia tena. Lakini ua hili lina mambo mawili yanayomhusu mkulima. La kwanza, laweza kumpatia fedha kidogo mtu akaaye milimani kwenye baridi. La pili, laweza kumwulia ng'ombe wake wa maziwa kwa muda wa saa chache tu. Mtu akiyajua yote mawili, atalima kwa usalama. Akijua la kwanza tu, yuko hatarini.

Ua hili huitwa delfiniamu. Jina ni refu, basi tulisome polepole: del-fi-ni-a-mu. Ni neno la Wayunani wa zamani. Limetokana na jina la yule mnyama wa baharini ambaye watu wa pwani humwita pomboo. Wayunani walilitazama ua hili kabla halijafunguka, wakaona limefanana na pomboo, lina kichwa kinene na mkia kwa nyuma. Wewe nawe ukilipata, litazame likiwa bado limefumba. Utaona hawakusema uongo.

UA LENYEWE

Delfiniamu haina mti. Hutoka ardhini kwenye kitako kimoja, na kitako hicho hutoa machipukizi mengi, kama tuonavyo kwa mgomba. Majani yake yamepasuka kama kiganja chenye vidole vilivyotanuliwa. Katikati huinuka bua, na juu ya bua maua hushikana mengi pamoja kama shuke la mtama. Mmea ukitunzwa vizuri hufika kimo cha mtu mzima. Rangi inayosifiwa sana ni buluu, maana maua ya buluu safi ni machache duniani. Yako pia ya zambarau, meupe na ya waridi.

Delfiniamu kubwa za bustani zilitokana na maua ya porini ya Ulaya na Asia, hasa lile limealo milimani kuanzia Alps hadi Siberia. Katika karne ya 19 watunza bustani kama James Kelway wa Uingereza na Victor Lemoine wa Ufaransa walichagua mimea iliyo bora, wakaichanganya, wakachagua tena, mpaka mashuke yakawa makubwa. Katika karne ya 20 Frank Reinelt, aliyefanya kazi California, Marekani, alitoa jamii iitwayo Pacific Giants, ambayo huoteshwa kwa mbegu. Jina hilo utaliona juu ya pakiti nyingi dukani.

Lakini msidhani ua hili ni la Wazungu peke yao. Afrika inazo delfiniamu zake za porini. Katika nyanda za juu za Kenya iko moja yenye maua ya buluu yaliyochanganyika na kijani. Katika uwanda wa Nyika, nchini Malawi, iko nyingine yenye maua meupe na harufu nzuri, na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu huyaendea maua hayo kunyonya asali yake. Kwa hiyo ukiliona ua la namna hii mlimani, usistaajabu, ila usilikate kwenda kulisha mifugo. Sababu nitaieleza sasa hivi.

SUMU YAKE

Hapa tusikilizane vizuri. Delfiniamu yote ina sumu: mizizi, bua, majani, maua na mbegu. Sumu iliyo kali zaidi iko katika mbegu na katika machipukizi machanga. Kukauka hakuiondoi. Majani yaliyonyauka na yaliyokaushwa bado ni sumu.

Mnyama anayeumia zaidi ni ng'ombe. Katika malisho ya milima ya magharibi ya Marekani delfiniamu humea zenyewe, na kwa zaidi ya miaka 100 zimeua ng'ombe wengi sana. Wafugaji wa huko hutazama kwanza mmea umefikia hatua gani ndipo waingize ng'ombe malishoni. Kondoo huvumilia sumu hii kuliko ng'ombe, hata wako wafugaji wanaotanguliza kondoo ili wale na kuyakanyaga majani hayo. Lakini kuvumilia si kutodhurika, na habari hii isikufanye umjaribu kondoo wako.

Je, sumu hii hufanyaje kazi? Katika mwili wa mnyama, na wetu pia, mishipa ya fahamu hupeleka amri kwenye misuli. Mshipa husema "inua mguu", nao msuli huinua. Sumu ya delfiniamu hukaa katikati, mahali amri inapopokelewa, ikaziba mlango. Mshipa unaita, msuli hausikii. Ng'ombe huanza kutetemeka na kutembea kama mlevi. Magoti ya mbele hukunjika, akaanguka. Huenda akainuka, akaanguka tena. Tumbo laweza kujaa gesi. Mwisho, misuli ya kuvutia pumzi nayo hulegea, na ng'ombe hufa kwa kukosa hewa huku macho yake yanaona.

Kwetu hatari hii haiko malishoni sana. Iko nyumbani. Mahali penye baridi ifaayo delfiniamu, kama Lushoto, Njombe, Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro, ndipo pia wengi wanapofuga ng'ombe wa maziwa bandani. Ng'ombe hatoki, chakula humfuata. Mama akipalilia, magugu huenda horini. Akipunguza majani ya mahindi, huenda horini. Akikata mgomba, shina lake hukatwakatwa likaenda horini. Ni mazoea mazuri, hakuna kinachopotea. Lakini delfiniamu lazima ikatwe mara kwa mara, kama tutakavyoona, na mabaki yake ni mabichi, laini, yanapendeza machoni. Mtoto aliyetumwa kulisha ng'ombe akiyaona yamelundikwa kando ya bustani, atafanya nini? Atayabeba. Hana kosa, hakuambiwa.

Basi katika nyumba yenye delfiniamu kila mtu aambiwe: baba, mama, watoto, kijana wa kazi na jirani anayekuja kuomba majani. Mabaki yote yatiwe katika shimo la mboji lililo mbali na banda, na yafunikwe kwa udongo siku ile ile. Usipande delfiniamu kwenye ukingo wa njia wanakopita ndama na mbuzi, wala ndani ya shamba la majani ya ng'ombe. Na usiipande katikati ya mchicha au mboga nyingine, kwa sababu mtu anayechuma mboga jioni, giza likiingia, huchuma kwa mkono zaidi kuliko kwa macho.

Ikitokea ng'ombe amekwisha kula, usimkimbize wala usimpige ainuke. Kila anapojitahidi, hewa humpungukia zaidi. Kama amelala ubavu, msaidieni alale kwa kifua, miguu imekunjwa chini yake, na kichwa kielekee upande wa juu wa mteremko ili gesi ipate kutoka. Usimnyweshe mafuta wala dawa yoyote kwa nguvu, maana koo limelegea na kitu hicho chaweza kuingia mapafuni. Aende mtu mbio kumwita bwana mifugo, na aseme wazi, "Amekula delfiniamu." Ziko dawa ambazo mganga wa mifugo aweza kumpiga sindano, ila ni lazima ajue anatibu nini.

Kwa binadamu ni vilevile. Mtoto akitafuna mbegu au majani, mpelekeni zahanati au hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea wenyewe. Wengine ngozi huwawasha wakishika utomvu wake. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo bustanini. Zamani huko Ulaya watu walisaga mbegu za ndugu mmoja wa ua hili wakapaka kichwani kuua chawa. Nawaambieni habari hiyo mjue jinsi sumu ilivyo kali. Msiijaribu.

Mtu aweza kuuliza, "Kama ni hivyo, si afadhali tuache kabisa?" Mimi sioni hivyo. Muhogo mchungu nao una sumu, na watu wanaulima na kuula kwa sababu wanajua namna yake. Delfiniamu haihitaji kuliwa hata kidogo. Inahitaji ijulikane tu, na kuwe na ua wa miti au seng'enge kati yake na mifugo.

MAHALI NA UDONGO

Ua hili linataka baridi. Kama kijiji chako kiko chini, mahali pa minazi, mikorosho au pamba, usijisumbue. Mche utaota kwa shida, na jua litaumaliza. Kwetu Afrika Mashariki nchi ifaayo ni ile ya mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari kwenda juu, ambako mchana hapana joto kali na usiku watu hujifunika blanketi. Baridi ya Juni na Julai inayounguza maharage haiui mizizi ya delfiniamu. Huko kwao hulala chini ya theluji miezi mingi kisha ikachipua. Kwetu hapana theluji ya kuilaza, kwa hiyo hukua mfululizo, na mara nyingi huchakaa mapema. Ukipata miaka 3 kutoka kwenye kitako kimoja, umefanya kazi nzuri.

Chagua mahali panapopata jua, hasa la asubuhi, lakini pasiwe juu ya kilima panapopiga upepo. Bua la delfiniamu lina uwazi ndani kama kikonyo cha jani la mpapai. Wote tunajua kikonyo cha mpapai kilivyo rahisi kuvunjika.

Udongo uwe na kina na upitishe maji. Maji yakituama kwenye kitako kwa siku chache, kitako huoza, na mmea ulioonekana mzima Jumatatu huwa umelala Ijumaa. Jambo jingine: nchi nyingi za milima zenye chai zina udongo mchachu. Chai huupenda uchachu huo, delfiniamu haiupendi. Mwulize bwana shamba akupimie udongo. Kama ni mchachu, tia chokaa ya kilimo kwa kadiri atakayokuambia. Majivu ya kuni husaidia kidogo.

TUTA LA MICHE 10

Nashauri mtu aanze na tuta moja dogo. Chukua kamba yenye alama, upime urefu mita 3 na upana mita 1 na sentimita 20. Mche na mche waachane sentimita 60, na kila mche ulio pembeni uwe sentimita 30 kutoka ukingoni. Piga hesabu mwenyewe: kwa urefu utapata miche 5, kwa upana mistari 2. Jumla ni miche 10. Tena hutakanyaga tuta lako, kwa sababu mkono utafika katikati kutoka kila upande.

Lima kina cha jembe zima. Tia samadi iliyooza kabisa, madebe 2 au 3 kwa tuta hilo, uichanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia, kama urea, usiitie kwa wingi. Utapata majani mengi ya kijani na mabua mororo yasiyoweza kusimama.

MBEGU NA KITALU

Hapa ndipo wengi hushindwa, kisha wakasema ua hili halikubali nchi yetu. Mara nyingi kosa ni la mbegu. Mbegu ya delfiniamu hufa upesi ikikaa kwenye joto. Pakiti iliyoning'inia miezi mingi kwenye dirisha la duka lenye jua imekwisha kufa, ingawa picha iliyo juu yake bado ni ya buluu safi. Kabla ya kulipa, soma tarehe. Sasa mnajua kusoma, basi muisome! Kama hapana tarehe, au imepita, mrudishie mwenye duka pakiti yake.

Ukifika nyumbani, weka mbegu ndani ya kikopo kikavu kinachofunga vizuri, mahali pa baridi. Kama jirani ana jokofu, mwombe akukalishie kwa juma moja kabla ya kusia, sehemu isiyogandisha. Umweleze vilevile kwamba ni sumu, asiiweke karibu na chakula.

Sia katika sanduku la mbao au debe lililokatwa na kutobolewa chini. Jaza udongo laini uliochanganywa na mchanga na mboji. Nyunyiza mbegu mbali mbali, kisha zifunike kwa udongo mwembamba tu, unene wa milimita 3, yaani kama unene wa sarafu mbili zikipandana. Mbegu hizi hupenda giza zikiwa zinaota, kwa hiyo funika sanduku kwa gunia au gazeti mpaka uone ncha za kwanza, halafu uondoe siku ile ile. Sanduku likae kivulini penye ubaridi. Kukiwa na joto mbegu hazioti vizuri. Kwa kawaida miche huonekana baada ya majuma 2 au 3. Usikate tamaa siku ya 10.

Usimwagie maji kwa kopo kutoka juu, utazifukua. Weka sanduku ndani ya karai lenye maji kidogo, yapande yenyewe kutoka chini, kisha litoe. Miche ikiwa imesongamana na udongo umelowa daima, itaingiwa na kinyausi. Shina huoza pale linapogusa udongo, na mche hulala kama uliokatwa. Dawa yake ni kuipunguza, kuipa hewa na kupunguza maji.

Mche ukiwa na majani 4 ya kweli, yaani yale yaliyopasuka, uhamishe jioni au siku ya mawingu. Usizike kitako. Kiwe sawasawa na uso wa ardhi, kama kilivyokuwa kitaluni. Ukikifukia, kitaoza.

MAJI, MITI NA WADUDU

Tuta letu la miche 10 linataka ndoo 5 hivi za lita 20 kwa juma wakati wa kiangazi. Ndoo 5 si mchezo kwa mama anayeteka bondeni. Ndiyo maana nasema lianze tuta moja. Na hapa matandazo yana kazi kubwa. Tandaza nyasi kavu katikati ya miche, unene wa vidole vinne, ila usizisogeze mpaka kwenye kitako. Ardhi itabaki baridi na maji hayatapotea upesi. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo. Majani yakilala yamelowa hukaribisha magonjwa.

Machipukizi yakifika urefu wa kiganja, hesabu yaliyo kwenye kila kitako. Mara ya kwanza acha 2 au 3 yaliyo manene, mengine yakate. Mmea mkubwa wa mwaka wa pili uachie 5. Watu huona uchungu kukata, wakidhani wanatupa maua. Sivyo. Ukiacha yote 12 utapata mashuke 12 membamba ambayo hakuna atakayeyanunua. Na hayo uliyokata ndiyo yale machipukizi machanga yenye sumu kali. Yapeleke shimoni wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Kisha simika miti. Usingoje bua liiname. Mianzi hufaa sana. Kila mmea upate miti 3 kuuzunguka, na ufunge kamba ya mkonge au ya mgomba kuzunguka miti yote, si kuzunguka bua. Bua lipate nafasi ya kuyumba kidogo ndani. Funga ya kwanza mmea ukiwa na kimo cha goti, na nyingine kila unapopanda juu. Mvua moja ya upepo yaweza kuvunja mashuke yote ya miezi 5 kwa dakika 10, na bua la delfiniamu likivunjika haliungiki.

Adui mkubwa wa miche michanga ni konokono, wenye nyumba na wasio na nyumba. Huja usiku, wakala machipukizi hata asubuhi hukuti kitu. Nenda na tochi saa 2 usiku baada ya mvua, uwaokote. Majivu makavu yakizungushwa yanasaidia mpaka mvua inyeshe. Sota naye hukata mche usawa wa ardhi. Fukua karibu na mche uliokatwa, mara nyingi utamkuta amejikunja hapo hapo.

Ugonjwa unaosumbua zaidi ni ubwiri unga. Majani huonekana kama yamemwagiwa unga mweupe. Wakulima wa korosho wanalijua jina hilo, ingawa ukungu wenyewe si ule ule. Hupenda mahali palipobanana na pasipo hewa. Ondoa majani yaliyoshikwa, punguza machipukizi, na kama unaendelea, mwulize bwana shamba juu ya dawa ya salfa. Ukiona madoa meusi kama ya lami yanaenea juu ya majani, kata majani hayo uyazike, wala usimwagilie tena kutoka juu.

KUKATA NA KUUZA

Tangu kusia hadi kuona maua ni miezi 5 au 6, kufuatana na baridi ya mahali. Maua hufunguka kuanzia chini ya shuke kwenda juu. Kwa kuuza, kata theluthi moja ya maua ikiwa imefunguka. Kata mapema asubuhi, kwa kisu kikali, na utie bua ndani ya ndoo ya maji safi hapo hapo bustanini.

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo aliniuliza, "Mwalimu, maua yangu yalikuwa ndani ya maji njia nzima. Mbona nilifika mjini yamebaki mabua matupu?"

Nikamwuliza, "Mama, katika gari mlipakia nini kingine?"

"Ndizi, mwalimu. Ndizi mbivu, gari zima."

Ndizi ndizo zilizoyapukutisha. Matunda yanapoiva hutoa hewa fulani isiyoonekana. Ndiyo hewa ile ile inayofanya ndizi mbivu moja iivishe mbichi zilizo karibu nayo. Delfiniamu ikivuta hewa hiyo huona kama umri wake umekwisha, ikaangusha maua. Moshi wa kuni na moshi wa gari nao una hewa hiyo. Kwa hiyo usiyalaze maua jikoni, na usiyasafirishe pamoja na ndizi, maembe wala mapapai. Mashamba makubwa huyanywesha kwanza dawa maalumu ya kuzuia jambo hili. Sisi dawa yetu ni kuyatenga.

Juu ya soko nitasema wazi. Kenya yako mashamba yanayolima delfiniamu na kuzipeleka Ulaya kwa ndege. Mashamba hayo yana vyumba vya baridi, magari ya baridi na wanunuzi waliokwisha kuagiza. Mwenye tuta moja asijilinganishe nayo. Soko lake ni mji ulio karibu: wenye hoteli, wapambaji wa harusi, makanisa, wauza maua. Awaendee kwanza, awaulize wanataka rangi gani, mashuke mangapi na siku gani, ndipo asie mbegu. Mimi singemshauri mtu ang'oe viazi apande ua. Viazi visipouzwa vinaliwa. Delfiniamu isipouzwa huenda shimoni, hata horini haiendi.

BAADA YA MAUA

Shuke likiisha, likate chini kidogo ya mahali maua yalipoanzia, majani ya chini yabaki yalishe kitako. Machipukizi mapya yakitokea, kata bua la zamani mpaka chini, tia samadi kidogo na maji, na utapata maua ya mara ya pili. Huwa madogo kuliko ya kwanza.

Kitako kikichakaa, usingoje kife. Chukua chipukizi la urefu wa kidole, ukate kwa kisu pamoja na kipande cha kitako chenyewe. Litazame mahali ulipokata: liwe limejaa ndani, bila uwazi. Lenye uwazi huoza. Lipande katika mchanga wenye unyevu kivulini mpaka litoe mizizi. Mche huo utatoa maua yenye rangi ile ile ya mama yake.

Mbegu hazina ahadi hiyo. Nyingi za bustani ni chotara, na kutoka kwa mama wa buluu waweza kupata zambarau na nyeupe. Hata hivyo mbegu mpya ya nyumbani huota vizuri kuliko ya zamani ya dukani. Acha shuke moja bila kulikata. Vifuko vya mbegu vikigeuka rangi ya kahawia na kuanza kufunua midomo, vikate ndani ya mfuko wa karatasi, vikauke kivulini, kisha uzipukute mbegu. Ni ndogo na nyeusi, zinaweza kudhaniwa viungo vya mboga. Kwa hiyo usizitie katika kikopo kilichokuwa cha chai au cha pilipili, na usiziweke jikoni. Bandika karatasi juu ya kikopo, uandike kwa herufi kubwa: MBEGU ZA DELFINIAMU. SUMU. Chini yake andika mwezi na mwaka ulipozivuna.